Moto kichaa ukiingia kwenye mikorosho: Nani akimbie, nani abaki na watoto?

Mtwara. Huanza na harufu. Ni saa nane mchana, mwezi wa Agosti, upepo wa kusi unavuma na mikorosho imejaa maua. Mtu aliye shambani hunusa moshi kabla hajauona. Huinua kichwa, akatazama upande upepo unakotoka. Akiona moshi mwembamba unaopanda taratibu, huendelea na palizi, huenda ni jirani anachoma takataka za shamba lake. Akiona moshi mzito unaolala chini na kusogea, huacha jembe na kupiga yowe.

Magomeni ni kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, na zipo familia nyingi hapa ambazo nyumba yao iko mjini lakini mikorosho yao iko vijijini, mwendo wa bodaboda au daladala. Watoto wanasoma mjini, bibi na babu wako shambani, na mzazi yuko katikati, mguu mmoja huku na mwingine kule. Yowe likipigwa kijijini, Magomeni linafika kwa simu.

Hapo ndipo nyumba inapochangamka. Bodaboda inatafutwa, panga linatolewa uvunguni, madumu yanajazwa maji. Na mama mwenye nyumba anajikuta na swali ambalo hakuwahi kuliwekea jibu siku ya utulivu: nani aende, na nani abaki na watoto?

Swali hilo linafaa kujibiwa mapema, kwa sababu moto haumsubiri mtu amalize kikao.

Mti mmoja, ada ya miaka

Asiyetoka kusini anaweza kujiuliza kwa nini watu wakimbilie moto badala ya kuukimbia. Jibu liko kwenye mkorosho wenyewe.

Mkorosho hauanzi kuzaa mwaka unaopandwa. Mkulima husubiri miaka mitatu hadi mitano kuona mavuno ya kwanza, na miaka zaidi kabla mti haujafikia nguvu zake kamili. Baada ya hapo, ukitunzwa, utamlisha yeye na huenda wajukuu wake. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba miti kama 28. Moto mmoja wa mchana unaweza kupita kwenye ekari hiyo kabla chai haijachemka.

Si lazima mti uungue ndipo hasara ipatikane. Kiangazi cha Mtwara huanza mvua zinapokatika, mwezi wa Mei, na hudumu hadi Novemba au Desemba. Katikati ya kiangazi hicho, kati ya Juni na Septemba, mikorosho huchanua. Joto la moto unaopita chini ya mti hukausha maua hata kama matawi yamebaki. Mti unasimama, lakini msimu umekwenda. Ukija moto wa Oktoba, korosho zilizokwisha kuanguka huungua chini, na mafuta yaliyomo kwenye maganda yake huuongezea moto nguvu.

Kwa mzazi, hizo ni sare za shule, michango na karo. Ni bima ya afya ambayo ilikuwa ilipwe baada ya mnada. Ndiyo maana yowe likilia, hata aliyenuniana na jirani yake tangu mwaka jana huchukua panga na kwenda.

Moto unatoka wapi?

Radi huwasha mioto mingi katika nchi nyingine, lakini kiangazi cha kusini mwa Tanzania hakina radi. Moto mwingi unaoonekana hapa umewashwa na mkono wa mtu, na mara nyingi mtu huyo hakuwa na nia mbaya.

Mmoja anasafisha shamba la mihogo au ufuta kwa kuchoma nyasi, upepo unabadilika. Mwingine anarina asali kwa mwenge na kuondoka kabla haujazimika. Mwingine anachoma mkaa. Mwingine ametupa kipande cha sigara pembeni mwa njia. Na wapo wanaochoma nyasi ili kuwatoa panya wa porini, ambao kwa jamii kadhaa za kusini ni kitoweo.

Katika kundi hilo la mwisho, wazazi wanapaswa kusikiliza kwa makini, kwa sababu wawindaji wa panya mara nyingi ni watoto wa kiume. Wana kibiriti, wana mbwa, wana fimbo, na hawana mtu mzima.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto, na vijiji vingi vina sheria ndogo zake zenye faini. Faini ina kazi yake. Lakini ndani ya nyumba, hofu ya adhabu inaweza kuzaa kitu kibaya kuliko moto wenyewe, nacho ni ukimya.

Yowe la kwanza

Moto wa nyasi ukiwa na upana wa mkeka, watu wawili wenye matawi mabichi wanauzima. Ukiwa na upana wa uwanja wa mpira, unahitaji kijiji. Tofauti kati ya hali hizo mbili inaweza kuwa dakika kumi tu.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka 11 ambaye moto umemponyoka mkononi. Ana njia mbili. Anaweza kukimbilia kwa mtu mzima wa karibu na kupiga kelele, au anaweza kukimbilia porini na kujificha. Mtoto aliyezoea kupigwa kwa kila kosa atachagua kujificha. Zile dakika kumi zinapotea, na pamoja nazo anapotea yeye, kwa sababu sasa kuna mtoto ndani ya pori linaloungua na hakuna anayejua yuko wapi.

Kwa hiyo somo la kwanza la moto kwa mtoto halihusu ndoo wala matawi. Linahusu ahadi ya mzazi. Mwambie mapema, na kwa maneno mepesi: ukiona moto, piga yowe. Hata kama ni wewe uliyeuwasha, piga yowe. Kwanza tutazima, mengine tutazungumza baadaye. Na siku hiyo ikifika, timiza ahadi hiyo. Makosa yake yatazungumzwa na kurekebishwa moto ukiwa umezimwa na kila mtu amehesabiwa.

Kazi ya kila mtu

Anayetazama kwa mbali anaweza kuona kijiji kinachozima moto kama vurugu. Ukweli ni kwamba kila mtu ana kazi yake, na jamii zinazofanikiwa ni zile ambazo watu wanajua kazi zao kabla moshi haujaonekana.

Wapo wa mbele, wenye matawi mabichi, wanaoupiga moto kwenye ukingo wake. Wapo wa mapanga na majembe, wanaokwenda mbele zaidi kufyeka na kuparua mkanda wa ardhi tupu, ambao wakulima wengi huuita barabara ya moto. Moto wa nyasi ukifika mahali pasipo na kitu cha kula, hufa au hupungua. Wapo wa maji. Na wapo wa nyuma, wanaotembea kwenye eneo lililokwisha kuungua wakizima visiki, kwa sababu kisiki kinachofuka moshi saa kumi na mbili jioni kinaweza kuanzisha moto mpya saa tano usiku.

Wazima moto wenye uzoefu hawasimami mbele ya moto unaosukumwa na upepo. Huuanza kutoka ubavuni, wakiusogelea kutoka upande ulioungua. Eneo lililokwisha kuungua halina cha kuwaka tena, hivyo ndilo kimbilio ikiwa upepo utageuka. Kila anayekwenda anapaswa kujua njia yake ya kutokea kabla hajaanza kupiga tawi la kwanza.

Mavazi nayo yana uzito. Suruali ya pamba na viatu vya kufunika miguu vinalinda. Nguo za nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Kandambili huacha mguu wazi juu ya makaa. Kanga iliyofungwa ikilegea na kuburuza ni utambi. Mama anayekwenda kusaidia kuchota maji aikaze vizuri, au avae suruali ndani na kuiacha kanga nyumbani.

Si kila mtu anapaswa kwenda. Mjamzito abaki. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo na mzee abaki. Wanafunzi wasihesabiwe kama nguvu kazi ya kuzima moto, hata kama wana mbio na moyo wa kusaidia. Kubaki si uvivu, kwa sababu huko nyuma kuna kazi ambayo isipofanyika, wa mbele hawawezi kuendelea.

Nyumba ya watoto

Kazi hiyo ni watoto. Moto ukiwa umepamba, kila mzazi aliye mbele anageuka nyuma akijiuliza mwanawe yuko wapi. Na kila mtoto aliyeachwa peke yake anaweza kuamua kumfuata mama yake kwenye moshi.

Njia iliyo rahisi ni majirani kukubaliana juu ya nyumba moja, iliyo upande upepo unakotoka na mbali na pori, ambako watoto wote wanapelekwa mara yowe linapopigwa. Mtu mzima mmoja au wawili wanabaki nao. Wanawahesabu kwa majina, kisha kila baada ya muda wanawahesabu tena. Mtoto haondoki pale mpaka achukuliwe na mtu anayefahamika.

Kwa familia za Magomeni, nyumba ya watoto inaweza kuwa kwa jirani mjini. Wazazi wanaotoka mbio kwenda shambani wasiwabebe watoto kwenye bodaboda eti kwa kuwa hakuna wa kuwaachia. Namba ya simu ya jirani huyo na ya mwenyekiti wa mtaa ziwe zimeandikwa mahali ambapo mtoto mkubwa anaweza kuziona.

Moshi na kifua cha mtoto

Moto ukipita mbali na nyumba, wengi huhesabu kwamba wamenusurika. Lakini moshi hauheshimu mipaka ya shamba.

Moshi wa nyasi na miti umejaa chembechembe ndogo mno, ambazo pua na koo haviwezi kuzizuia. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto huathirika haraka kuliko mtu mzima kwa sababu hupumua hewa nyingi zaidi ukilinganisha na uzito wake, njia zake za hewa ni nyembamba, na mapafu yake bado yanakua. Moshi huo pia si mwema kwa mjamzito na mtoto aliye tumboni.

Kwenye mikorosho kuna la ziada. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, jambo ambalo kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono analijua. Maganda hayo yakiungua, moshi wake huwasha macho, koo na ngozi. Watoto wasisogezwe kwenye lundo la korosho zinazoungua, na wasiruhusiwe kurudi kuokota zilizobaki wakati bado zinafuka.

Moshi ukiwa mzito, mwondoe mtoto eneo hilo ikiwa kuna njia salama. Kama haiwezekani, mweke kwenye chumba kisicho na moto wa kupikia, funga milango na madirisha yanayotazama moshi, na uzibe nyufa kwa kanga zilizoloweshwa. Usiwashe kuni wala mkaa ndani. Mpe maji ya kunywa mara kwa mara. Kitambaa kibichi puani kinapunguza majivu na ukali wa joto, lakini hakizuii zile chembe ndogo, hivyo kisimpe mtu ujasiri wa kukaa ndani ya moshi.

Mtoto mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu, na mtu anayebaki naye ajue namna ya kuitumia. Katika nyumba ya watoto, mzazi amkabidhi mtoto pamoja na dawa.

Mkimbize mtoto kwenye kituo cha afya ukiona anapumua kwa shida, kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu au kijivu, analegea, au anashindwa kunyonya au kunywa. Unaweza pia kuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi.

Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, aliyetoka kwenye moto akiwa na sauti iliyokwaruza, makohozi yenye masizi au nywele za pua zilizoungua anahitaji kuonwa na daktari hata kama ngozi yake haina jeraha. Njia ya hewa iliyoungua inaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Akiungua: maji, si dawa ya meno

Nguo ikishika moto, usikimbie. Anguka chini na ujiviringishe, au wenzako wakufunike kwa nguo nzito ya pamba.

Jeraha la moto lipoozwe kwa maji safi ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Si dakika mbili. Shambani kusiko na bomba, maji ya dumu yanayomiminwa taratibu yanafanya kazi hiyo. Usitumie barafu. Kwa mtoto mdogo, poza jeraha lakini mfunike sehemu nyingine ya mwili asipate baridi.

Vua pete, bangili na nguo zilizo karibu na jeraha kabla halijavimba, lakini nguo iliyonata usiivute. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazonata, au kwa mfuko wa plastiki ulio safi. Usipasue malengelenge.

Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai, majivu, unga na tope hazitibu jeraha la moto. Hutunza joto ndani, huleta uchafu, na kumpa muuguzi kazi ya kuzisugua kwenye ngozi iliyo wazi huku mgonjwa akilia.

Jeraha lililo usoni, mikononi, miguuni, kwenye maungio au sehemu za siri lifike hospitali. Vivyo hivyo jeraha kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa, jeraha lililokuwa jeupe au jeusi bila maumivu, na jeraha lolote la mtoto mchanga. Mtwara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, na pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Kwa aliye kijijini, zahanati ya karibu ndiyo mlango wa kwanza.

Salfa chini ya kitanda

Jambo jingine linalosahauliwa ni salfa. Wakulima wa korosho hupulizia salfa ya unga kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na kiangazi ndio msimu wake. Mifuko hiyo mara nyingi huhifadhiwa ndani, wakati mwingine kwenye chumba wanakolala watoto, pamoja na petroli ya mashine ya kupulizia.

Salfa inawaka. Ikiwaka hutoa gesi kali inayobana kifua, na kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari kubwa. Petroli haihitaji maelezo. Vitu hivyo viwe kwenye banda la peke yake, mbali na jiko na mahali pa kulala, na majirani wanaokuja kusaidia waambiwe viko wapi. Aliyekuja kuokoa nyumba yako asikutane na usilomwambia.

Baada ya majivu

Moto ukizimika, yowe hunyamaza na watu hurudi makwao. Kwa familia iliyounguliwa, shida ndiyo inaanza.

Hapa ndipo ujirani unapimwa tena. Michango ya unga na nguo ni mwanzo. Ikiwa shamba limeungua, nguvu za watu zinahitajika pia: kukata matawi yaliyokufa, kusafisha chini ya miti, kuchunguza miti inayoweza kupona. Mkorosho ulioungua juu si lazima umekufa. Baadhi huchipua kutoka shinani, na machipukizi hayo yanaweza kubebeshwa vikonyo vya mbegu bora. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, kilicho nje kidogo ya mji wa Mtwara, kimefanya utafiti wa korosho kwa miongo mingi, na maofisa ugani wanaweza kumwelekeza mkulima kabla hajakata mti ambao ungefufuka.

Maji ya kisima kisichofunikwa na ya mapipa yaliyoingiwa na majivu yasinywewe. Watoto wasitembee peku kwenye majivu, maana makaa hukaa hai chini yake.

Na watoto waangaliwe moyoni pia. Aliyeona moto anaweza kuota ndoto mbaya, kukojoa kitandani ingawa alikuwa ameacha, kung'ang'ania nguo ya mama au kushtuka kila anaponusa moshi wa jiko. Haya ni ya kawaida kwa siku na wiki za mwanzo. Mwache azungumze au achore alichokiona. Mrudishe kwenye ratiba yake ya kulala, kula na shule mapema iwezekanavyo. Akiendelea vivyo hivyo zaidi ya mwezi, zungumza na mhudumu wa afya. Mtoto ambaye ndiye aliyeuwasha moto anahitaji uangalizi zaidi ya wote, kwa sababu kijiji kizima kinaweza kuwa kinamtaja jina.

Wenzetu wa Kilwa

Barani Afrika ndiko kunakotokea sehemu kubwa ya eneo linaloungua duniani kila mwaka, takribani asilimia 70. Hivyo suala si la Mtwara pekee, na wapo waliotangulia kulitafutia njia.

Katika mkoa jirani wa Lindi, vijiji vya Wilaya ya Kilwa vinavyomiliki misitu ya mpingo vilipata mwaka 2009, kwa kushirikiana na shirika la MCDI, cheti cha kimataifa cha FSC, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na jamii. Miongoni mwa kazi zao ni kuchoma mapema. Mwanzoni mwa kiangazi, nyasi zikiwa bado na unyevu, wanakijiji waliopewa mafunzo huchoma vipande vya pori kwa mpangilio. Moto huo ni wa chini, wa polepole, hufa wenyewe jioni umande unaposhuka. Miezi mitatu baadaye, moto kichaa ukija, hukuta vipande hivyo havina cha kuungua.

Wenyeji asilia wa kaskazini mwa Australia wamekuwa wakifanya hivyo kwa vizazi vingi, na leo serikali ya huko inautambua utaalamu wao. Lakini kuchoma mapema ni kazi ya kijiji kwa kibali na usimamizi. Si kazi ya mtu mmoja mwenye kibiriti anayedai alisoma gazetini.

Oktoba 2020, moto ulipozuka eneo la Whona katika Mlima Kilimanjaro, mamia ya watu walipanda kuupambana. Walikuwamo askari wa hifadhi, wanavijiji wanaouzunguka mlima na wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka. Hata hivyo ulidumu kwa siku kadhaa na kuunguza makumi ya kilomita za mraba. Kwenye mlima wenye hifadhi na askari, bado ilibidi majirani wapande. Kwenye shamba la korosho lisilo na askari, majirani ndio kila kitu.

Kikao cha nusu saa

Maandalizi ya nyumbani hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kikao cha nusu saa, kabla ya kiangazi kukolea, kati ya wana familia na majirani wa shamba.

Kubalianeni nani ataenda na nani atabaki. Chagueni nyumba ya watoto. Andikeni namba za simu, ya mwenyekiti wa kitongoji, ya mtendaji wa kijiji, ya jirani, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo hupigwa bure. Limeni barabara ya moto kuzunguka shamba na nyumba, na msaidiane kulima ya mjane na ya mzee asiyeweza, kwa sababu moto ukipita kwao utafika kwenu. Fagieni majani makavu chini ya mikorosho. Anayetaka kuchoma takataka awaambie majirani kwanza, achome asubuhi mapema upepo ukiwa umetulia, akiwa na watu na maji, na asiondoke mpaka majivu yawe baridi mkononi.

Kisha, kabla ya kulala, mwite mtoto. Muulize atafanya nini akiona moto. Akijibu kwamba atapiga yowe, muulize swali la pili: na kama ni wewe uliyeuwasha?

Akisita, hapo pana kazi ya mzazi, na ifanyike usiku huohuo.